Kugeuka au Kuwa Sawa: Uhakiki wa Istilahi na Kauli za Kiswahili kuhusu Usawa wa Tungamo na Nishati

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1905, jarida la Annalen der Physik la Ujerumani lilichapisha makala ya kurasa tatu yaliyoandikwa na Albert Einstein, ambaye wakati huo alikuwa mtumishi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi. Kichwa cha makala hayo ni swali: je, inesha ya gimba inategemea kiasi cha nishati kilichomo ndani ya gimba hilo? Jibu lililotolewa ni kwamba inategemea. Gimba linapotoa nishati kwa njia ya mnururisho, tungamo lake hupungua kwa kiasi kinachopatikana kwa kuigawa nishati hiyo kwa mraba wa kasi ya nuru. Mlinganyo E = mc², kwa umbo linalojulikana leo, haumo katika makala hayo. Einstein alitumia herufi L kwa nishati ya mnururisho na V kwa kasi ya nuru, na alichokiandika ni upungufu wa tungamo, yaani L/V².

Jambo la kuzingatia ni namna swali lenyewe lilivyoulizwa. Linahusu inesha, yaani ukaidi wa gimba linapotaka kubadilishiwa mwendo, na linadadisi iwapo ukaidi huo una uhusiano na nishati. Halisemi lolote juu ya mada kutoweka. Hata hivyo, maelezo yaliyoenea ya mlinganyo huu, katika Kiswahili kama katika lugha ambazo Kiswahili kimetafsiri kutoka kwazo, hudai kwamba tungamo "hugeuka" kuwa nishati, au kwamba mada "hugeuzwa" kuwa nishati. Mwanafunzi anayekutana na kauli hiyo hupata picha ya kitu kigumu kinachoyeyuka na kubaki mwako mtupu.

Makala haya yanaihakiki kauli hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba kasoro haimo katika uchache wa istilahi za Kiswahili, kama inavyodaiwa mara kwa mara katika mjadala wa lugha ya kufundishia sayansi, bali katika uteuzi wa kitenzi. Aidha, inaelezwa kwamba taaluma ya semantiki ya Kiswahili ina dhana iliyozoeleka inayoweza kubeba sehemu kubwa ya maana ya usawa huo, ingawa nayo ina mpaka wake.

2.0 Istilahi na mizigo yake

Sokoni, neno uzito hutumika kwa kile ambacho fizikia hukigawa mara mbili. Muuzaji wa mchele anaposema "uzito wake kilo mbili", anataja tungamo kwa jina la kani. Mkanganyiko huu ni wa zamani na hauna madhara dukani, kwa kuwa mizani zote za mtaa mmoja ziko katika uvutano uleule. Darasani hali ni tofauti, na ndiyo maana vitabu vya sayansi vimechagua ama masi, neno la mkopo, ama tungamo.

Kila chaguo lina gharama yake. Masi halina mzizi wowote ndani ya lugha. Halimsaidii mwanafunzi, lakini pia halimpotoshi. Tungamo linahusiana kwa umbo na kitenzi tungama, kinachotumika kwa damu au maziwa yaliyoganda na kushikamana. Kwa hiyo, hata kabla ya fasili kutolewa, neno hili linaleta taswira ya dutu iliyokusanyika mahali pamoja. Taswira hiyo iliafikiana vizuri na fizikia ya Newton, ambayo ilielezea tungamo kama kiasi cha mada. Kwa fizikia iliyofuata, taswira hiyohiyo ndiyo chanzo cha kikwazo.

Mfano wa protoni unaonyesha ukubwa wa kikwazo hicho. Tungamo la protoni, likipimwa kwa vipimo vya nishati, ni takribani megaelektronivolti 938. Ndani yake mna kwaki tatu za msingi, na jumla ya matungamo ya kwaki hizo ni takribani megaelektronivolti 9 tu, yaani kama asilimia 1. Sehemu iliyobaki inatokana na nishati ya mwendo wa kwaki na ya uga wa gluoni unaozifunga. Kwa kuwa protoni na nyutroni ndizo zinazobeba karibu tungamo lote la vitu vya kawaida, jiwe, mti na mwili wa binadamu vina tungamo ambalo kwa sehemu kubwa halitokani na dutu iliyoganda bali na pilikapilika zisizokoma. Anayeshikilia taswira ya kuganda hawezi kuupokea ukweli huu bila kuhisi kwamba amedanganywa na neno.

Kwa upande wa nishati, historia ya neno ni ya kuvutia zaidi. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya uchangamfu na utendaji, ilhali Kiarabu chenyewe hutumia neno lingine, taka, kwa dhana ya kifizikia. Kiswahili, kwa hiyo, hakikukopa istilahi. Kilikopa neno la kawaida na kulipandisha cheo. Uamuzi huo ulikuwa mzuri, kwani utendaji uko karibu na maana ya uwezo wa kufanya kazi. Lakini matumizi ya miaka ya karibuni yamelivuta neno upande mwingine. Pana Wizara ya Nishati, bei ya nishati, na nishati safi ya kupikia. Katika mazingira hayo nishati ni bidhaa: hujazwa, husafirishwa, huuzwa na kuisha. Sifa ya gimba imekuwa kitu kilichomo ndani ya mtungi.

Hivyo basi, kauli "tungamo hugeuka kuwa nishati" huzikutanisha nomino mbili ambazo zote zimekwisha kuwa dutu akilini mwa msomaji: moja imeganda, nyingine imo katika mtungi. Kitenzi kinakuja kukamilisha kazi iliyokwisha kuanzwa na nomino.

3.0 Kitenzi "geuka"

Katika ngano za Kiswahili, zimwi hugeuka kijana mtanashati akaja kuposa. Msikilizaji anaelewa masharti ya kitenzi hicho: umbo la kwanza halionekani tena pindi la pili linapojitokeza. Geuka, katika maana hii, hudai mbadilishano. Tungamo likigeuka nishati, basi palipokuwa na tungamo sasa pana nishati, na tungamo halipo tena. Kauli hii inaweza kupimwa kwa kuirejesha kwenye hali halisi, na inafaa kuanza na ile isiyo na utukufu wowote.

Mtungi wa gesi ya kupikia wenye kilo 15 za gesi hutoa, gesi yote ikiungua, nishati inayokaribia jouli milioni 700. Nishati hiyo ikigawanywa kwa mraba wa kasi ya nuru, hupatikana kama mikrogramu 8. Maana yake ni kwamba hewa ya ukaa na mvuke vilivyotokana na mwako, vikishapoa, vina tungamo dogo kwa mikrogramu 8 kuliko gesi na oksijeni vilivyokuwapo mwanzo. Hakuna mizani ya jikoni inayoweza kulibaini hilo. Lakini swali la muhimu si ukubwa wa tofauti. Ni mahali ilipokwenda. Atomu zote za kaboni, hidrojeni na oksijeni zipo, hakuna hata moja iliyogeuka kitu kingine. Kilichobadilika ni mpangilio wao, na nishati iliyotoka iliondoka na tungamo lake. Maji ya sufuria yaliyoipokea yameongezeka tungamo. Lita moja ya maji iliyochemshwa kutoka nyuzi 20 hadi 100 ina tungamo kubwa zaidi kwa takribani sehemu 4 za bilioni za gramu moja. Kama jikoni lote lingefungwa ndani ya sanduku lisilopitisha joto wala nuru, na sanduku hilo likawekwa juu ya mizani kamilifu, mizani isingesogea wakati gesi inaungua.

Hapa ndipo kitenzi kinaposhindwa. Ndani ya sanduku nishati yote ipo kama ilivyokuwa, na tungamo lote lipo kama lilivyokuwa. Hakuna kilichogeuka kingine. Upungufu hutokea pale tu sanduku linapofunguliwa na nishati kuachwa itoke. Na hapo vyote viwili hupungua pamoja, si kimoja kwa faida ya kingine. Bondi na Spurgin (1987) walilisema jambo hili kwa walimu wa fizikia wa Uingereza: nishati ina tungamo, na kwa sababu hiyo popote inapokwenda huenda nalo.

Huenda ikadaiwa kwamba mfano wa jikoni ni wa kukwepa, na kwamba mlinganyo wa Einstein unahusu kiini cha atomu. Dai hilo lenyewe ni tunda la kauli inayohakikiwa. Katika mpasuko wa kiini cha urani 235, nyutroni moja humezwa na kiini hugawanyika. Kabla ya mpasuko pana protoni 92 na nyutroni 144. Mara tu baada ya mpasuko, ukihesabu vipande na nyutroni zilizorushwa, pana protoni 92 na nyutroni 144. Hakuna chembe iliyotoweka. Nishati inayotolewa ni takribani megaelektronivolti 200 kwa kila kiini, kiasi kisichofika hata asilimia 0.1 ya nishati yote inayolingana na tungamo la kiini hicho, na chanzo chake cha karibu ni msukumano wa kiumeme baina ya vipande viwili vyenye chaji chanya. Lise Meitner na Otto Frisch walipolifikiria tatizo hili nchini Uswidi wakati wa Krismasi ya mwaka 1938, walikadiria nishati ya msukumano huo, kisha wakalinganisha na upungufu wa tungamo, uliokuwa kama moja ya tano ya tungamo la protoni. Hesabu mbili zilikubaliana. Mlinganyo ulikuwa kama daftari la mahesabu lililothibitisha kwamba hakuna kilichosahauliwa. Haukuwa injini ya tukio.

Tofauti hii si ya wasomi peke yao. Mnamo Julai 1946 jarida la Time la Marekani lilitoa jalada lenye sura ya Einstein mbele ya wingu la bomu, na mlinganyo ukiwa umeandikwa ndani ya wingu. Tangu hapo, katika fikra za umma, E = mc² ni kanuni ya bomu. Bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 lilitoa nishati inayokadiriwa kuwa sawa na ile ya tani 15,000 za baruti ya TNT, na tungamo la nishati hiyo ni takribani gramu 0.7. Sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na mradi wa Marekani wa kutengeneza mabomu hayo ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, katika eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Msomaji wa Kiswahili, basi, hayuko mbali na historia hii kama jalada la jarida linavyoweza kumfanya adhani. Ni muhimu ajue kwamba kilichochimbwa pale hakikuwa siri ya mlinganyo, bali madini ambayo viini vyake vinaweza kupasuka kwa mfululizo. Gesi ya kupikia inautii mlinganyo uleule bila kumdhuru mtu.

Mfano wa tatu ndio unaokitetea kitenzi kwa nguvu zaidi, nao unastahili kusikilizwa. Elektroni na positroni zikikutana zikiwa zimetulia, zote mbili hutoweka, na mahali pake hutokea fotoni mbili zinazokwenda pande zinazopingana, kila moja ikiwa na nishati ya kiloelektronivolti 511. Tukio hili ndilo linalotumiwa hospitalini katika vipimo vya PET. Hapa kuna kutoweka kwa kweli. Chembe za mada hazipo tena, upo mnururisho. Mtu akisema kwamba mada imegeuka mnururisho, amesema sawasawa.

Lakini kiima cha sentensi hiyo ni mada, si tungamo. Kila fotoni peke yake haina tungamo. Fotoni hizo mbili zikichukuliwa kama mfumo mmoja, jumla ya momenta yake ni sifuri na jumla ya nishati ni kiloelektronivolti 1,022, kwa hiyo mfumo una tungamo lilelile lililokuwapo kabla ya chembe kukutana. Jambo hili hushangaza, na ni haki lishangaze: vitu viwili visivyo na tungamo hufanya mfumo wenye tungamo. Tungamo halijumlishwi kama mawe kwenye gunia. Anayelichanganya na mada hulazimika kuyakataa matokeo haya. Kwa hiyo kanuni ya matumizi inayopendekezwa hapa ni nyepesi: mada inaweza kugeuka, chembe zinaweza kugeuka, nishati inaweza kugeuka kutoka aina moja hadi nyingine, lakini tungamo lisifanywe kiima cha kitenzi hicho kikifuatwa na nishati.

4.0 Usawa au usawe?

Alama ya "=" husomwa "ni sawa na". Neno sawa katika Kiswahili ni pana mno. Hutaja ukubwa unaolingana, haki, uzima wa mwili, hata ridhaa ya anayeitikia. Wino mwingi hauhitaji kumwagwa hapo. Upana huo ni wa kawaida na muktadha huutatua. Kinachohitaji mjadala ni aina ya usawa unaokusudiwa, kwa sababu "sawa" ya shilingi na kilo ya sukari ni tofauti na "sawa" ya nyota ya asubuhi na nyota ya jioni, ambazo zote ni sayari ya Zuhura. Ya kwanza ni ya kubadilishana. Ya pili ni ya kitu kimoja chenye majina mawili.

Wanasemantiki na wanatafsiri wa Kiswahili wanayo istilahi kwa usawa wa aina ya pili: kisawe, na nomino dhahania yake usawe. Runinga na televisheni ni visawe. Hakuna anayesema kwamba televisheni imegeuka runinga. Wala hakuna anayeuliza runinga ilikotoka baada ya televisheni kuondolewa sebuleni. Ukiondoa moja umeondoa nyingine. Ukilihamisha sanduku la jikoni lililotajwa hapo juu, hali ni hiyo: kilichopimwa kwa jouli na kilichopimwa kwa kilo vimehama pamoja, kwa kuwa ni kimoja kilichopimwa kwa vipimo viwili. Mraba wa kasi ya nuru, katika usomaji huu, ni kigezo cha kubadilisha vipimo, kama 1,000 ilivyo baina ya gramu na kilo. Mtazamo huu, ambao umetetewa na Torretti miongoni mwa wanafalsafa wa fizikia, huonekana kuukaribia usawa wa Einstein kuliko ule wa kubadilishana.

Ukubwa wa kigezo hicho ndio unaofanya usawe usionekane. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Likizalisha kwa uwezo wote, huchukua karibu saa 12 kutoa jouli trilioni 90, ambazo zina tungamo la gramu moja. Maji yaliyoshuka yalipoteza gramu hiyo pamoja na Dunia iliyokuwa ikiyavuta, na nyaya za umeme ziliisafirisha, lakini hakuna mhandisi aliyehitaji kuiandika popote.

Hata hivyo, wataalamu wa lugha watakuwa wa kwanza kukumbusha kwamba visawe kamili ni adimu. Maneno mawili huweza kurejelea kitu kimoja na bado yasikubali kubadilishana katika kila muktadha. Tungamo na nishati yako hivyo. Abiria aliyeketi ndani ya treni iendayo kasi kati ya Dar es Salaam na Dodoma hana nishati ya mwendo kwa mujibu wa jirani yake wa kiti. Kwa mkulima aliyesimama kando ya reli anayo, tena nyingi. Nishati hutegemea anayeitazama. Tungamo la abiria, kwa fasili inayotumiwa na wanafizikia wengi wa leo, ni lilelile kwa wote wawili. Kwa hiyo usawe si baina ya tungamo na nishati yoyote, bali baina ya tungamo na nishati iliyomo katika gimba au mfumo likitazamwa na yule ambaye kwake limetulia. Kwa mtazamaji mwingine mlinganyo hurefuka: mraba wa nishati ni jumla ya mraba wa mc² na mraba wa momenta ikizidishwa kwa kasi ya nuru.

Njia ya zamani ya kukwepa urefu huo ilikuwa kusema kwamba tungamo lenyewe huongezeka kadiri gimba linavyokwenda kasi. Okun (1989) aliishambulia njia hiyo kwa ukali, na Einstein mwenyewe, katika barua ya mwaka 1948 kwa Lincoln Barnett, alishauri isitumiwe. Katika Kiswahili ushauri huu una matokeo ya kiistilahi. Anayekubali tungamo linalobadilika kwa kasi hulazimika kuunda jina la pili, tungamo tuli, kwa lile lisilobadilika. Asiyelikubali hahitaji kivumishi hicho kwenye tungamo. Anakihitaji kwenye nishati. Istilahi inayopaswa kupewa nafasi katika kamusi ni nishati tuli, na mlinganyo usomwe hivi: nishati tuli ya gimba ni sawa na tungamo lake likizidishwa kwa mraba wa kasi ya nuru.

5.0 Uthibitisho na pingamizi

Pingamizi moja haligusi lugha, lakini likiachwa hoja iliyotangulia ingesimama juu ya mchanga. Ives (1952) alidai kwamba uthibitisho wa mwaka 1905 ni wa mduara, yaani Einstein alilidhania jambo alilokusudia kulithibitisha. Uthibitisho wenyewe unamhusu mtazamaji anayeliangalia gimba lililotulia likitoa nuru sawa kwa pande mbili zinazopingana, kisha mtazamaji wa pili anayelipita kwa mwendo usiobadilika. Wanapolinganisha hesabu zao za nishati, tofauti inayobaki inaweza kuelezwa tu kwa kupungua kwa inesha ya gimba. Stachel na Torretti (1982) waliichambua mantiki hiyo hatua kwa hatua na kuonyesha kwamba mduara haupo. Utetezi wao unaridhisha kuhusu mantiki. Kuhusu upana, pingamizi lina chembe ya haki: hoja ya 1905 ni ya kukadiria, kwa mwendo mdogo ukilinganishwa na nuru, na kuupanua hadi kwa kila aina ya nishati ni hatua ambayo Einstein aliichukua kwa ujasiri kuliko kwa uthibitisho.

Ujasiri huo umelipwa na vipimo. Mwaka 2005, miaka 100 baada ya makala ya Bern, Rainville na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya jaribio lililotumia silikoni na salfa. Viini vya atomu hizo vilipomeza nyutroni vilitoa miale ya gama. Kundi moja lilipima nishati ya miale hiyo mjini Grenoble, Ufaransa. Jingine lilipima matungamo ya atomu nchini Marekani. Namba mbili zililingana kwa usahihi wa asilimia 0.00004.

Jaribio hilo, likisomwa kwa uangalifu, ni la upungufu wa tungamo unaoambatana na nishati iliyotoka, sawasawa na swali lilivyoulizwa mwaka 1905. Hakuna hatua yake yoyote inayohitaji kitenzi geuka ili ielezwe kwa Kiswahili. Vitenzi vinavyohitajika ni toa, pungua, beba na lingana, na vyote vinajulikana kwa mtoto wa shule ya msingi.